Picha Bila Jina Hupotea Bila Habari



Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Msemo huu tumezoea kuusikia dukani na katika vikundi vya akiba, lakini unafaa vilevile kwa mali nyingine ambayo haipimwi kwa kilo wala kwa shilingi, nayo ni picha zetu za zamani.

Kamati ilipokuwa ikiandaa jarida hili la kumbukumbu iliwaomba wakazi walete picha za safari walizopiga kabla ya vita au katika miaka ya mwanzo ya ukimbizi. Zililetwa zikiwa ndani ya Biblia na Misahafu, ndani ya mifuko ya plastiki, ndani ya makopo ya maziwa, nyingine zimekunjwa mara nne kwa sababu zilivuka ziwa mfukoni. Tuliziangalia pamoja. Swali la kwanza lilikuwa ni lile lile kila mara: "Huyu ni nani?" Na jibu lililorudi mara nyingi lilikuwa: "Mama ndiye aliyejua."

Mama huyo hayupo tena. Picha ipo, sura inaonekana, nguo inaonekana, hata saa ya mkononi inaonekana, lakini jina limekwenda na mwenye kulijua. Makala hii inataka kueleza jinsi jambo hilo lilivyowapata watu wa nchi zetu tangu zamani, na namna tunavyoweza kulizuia lisitupate sisi na watoto wetu.

PICHA YA SAFARI ILIKUWA NA UZITO WAKE

Vijana waliozaliwa kambini wamekuta simu. Wanapiga picha kumi kabla ya chai na kufuta tisa. Hawana budi kuelezwa kwamba haikuwa hivyo.

Filamu moja ya kamera ilikuwa na nafasi ya picha 12, 24 au 36. Mpiga picha hakuipeleka kusafishwa mpaka iishe, na kama studio ya karibu haikuwa na dawa, filamu ilisafiri hadi Uvira, Bukavu, Kalemie au Bujumbura, nawe ukasubiri wiki kadhaa. Ulilipa kwa kila nakala. Kwa hiyo mtu alipiga picha pale tu alipokuwa na sababu: ndoa, kipaimara, kumaliza shule, kuzaliwa mtoto, na safari.

Safari ilikuwa sababu kubwa kuliko nyingine kwa watu wa pwani ya Ziwa Tanganyika. Mtu wa Baraka au wa Ubwari alikwenda Kalemie kutafuta kazi, au akavuka kwenda Kigoma kununua bidhaa, au akapanda treni kwenda Lubumbashi kumfuata kaka yake. Alipofika alitafuta mpiga picha. Alisimama wima, mikono imenyooka, nyuma yake meli, kituo cha treni, au pazia la studio lililochorwa ndege na maua. Shati huenda lilikuwa la kuazima. Nakala moja aliitia ndani ya barua, akampa mtu anayerudi nyumbani, na foto hiyo, kama tulivyozoea kuiita upande wa Kongo, iliwaambia wazazi neno moja: nimefika, ni mzima.

Hivyo picha ya safari kwetu haikuwa pambo. Ilikuwa hati, na ilithibitisha kwamba mtu yupo.

WALIOBEBA MIZIGO HAWAKUANDIKWA

Tukirudi nyuma zaidi tutaona kwamba njia hizi zetu za maji na za miguu zina picha za muda mrefu, ila wenye njia hawana majina.

Burton na Speke, Waingereza wawili, walifika Ujiji mwezi Februari 1858. Walifika kwa njia ya misafara iliyokuwa ikitumiwa kwa miaka mingi na Wanyamwezi, Waswahili na Waarabu, na walibebewa mizigo yao yote na wapagazi. Mwishoni mwa mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapo hapo Ujiji. Watu wengi wanadhani wameiona picha ya siku ile, wazungu wawili wakivua kofia chini ya mwembe. Picha ya kamera ya siku ile haipo. Ile inayochapishwa vitabuni ilichorwa kwa mkono, na waliojazwa nyuma yake ni watu wasio na majina.

Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake waliukausha mwili wake na kuubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, walikofika mwezi Februari 1874. Watatu kati yao wanajulikana kwa sura na kwa jina. Jacob Wainwright alisafiri na jeneza hadi Uingereza na kupigwa picha akiwa kando yake. Abdullah Susi na James Chuma walifika Uingereza baadaye mwaka huo huo, nao wakapigwa picha pamoja na jamaa na marafiki wa marehemu. Leo ukiziona picha hizo unaweza kusema: huyu ni Susi, huyu ni Chuma. Lakini waliobeba mwili ule walikuwa makumi, wanaume na wanawake. Safari yao ilikuwa moja na mzigo wao ulikuwa mmoja. Kilichowatenganisha katika kumbukumbu ni kuandikwa na kutoandikwa.

PICHA MOJA YENYE JINA

Kuna mfano wa upande wa pili, nao unatoka Kongo kwenyewe.

Mwezi Mei 1904 mwanamume aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika kwenye misheni ya Baringa akiwa amebeba kitu kilichofungwa katika majani. Wakati huo Kongo ilikuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na wanavijiji walilazimishwa kukusanya mpira wa porini. Walinzi wa kampuni ya mpira walikuwa wamewashambulia watu wa kijiji chake. Ndani ya majani mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali. Mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga picha Nsala akiwa ameketi barazani anavitazama viungo vile.

Picha hiyo ilivuka bahari. Ilionyeshwa kwa mwanga ukutani katika makanisa na kumbi za Uingereza na Marekani, pamoja na nyingine alizopiga mama huyo. Wasemaji hawakusema tu kwamba huyu ni mwenyeji wa Kongo. Walisema huyu ni Nsala, na kilicho mbele yake ni mabaki ya mtoto wake. Wakubwa wa serikali ya Leopold walizoea kujibu kwamba habari za ukatili ni uongo wa wapinzani. Baba mwenye jina, kijiji na mtoto mwenye jina ni vigumu kumwita uongo. Picha hizo zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoamsha watu wa nchi za nje, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Mateso hayakwisha siku hiyo, lakini utawala wake binafsi ulikoma.

Tuone basi nguvu ya maneno machache yanayoambatana na picha. Picha ya Nsala bila jina lake ingekuwa ya kusikitisha tu. Pamoja na jina ilikuwa ushahidi.

MELI TULIYOIPANDA SOTE

Katika picha zilizoletwa kwa Kamati, chombo kinachoonekana zaidi ni meli Liemba. Inafaa tukumbushane historia yake, maana ni kama mzee wa ukoo katika ziwa letu.

Ilijengwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani, ikapewa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa bara kwa reli. Reli hiyo ilifika Kigoma mwezi Februari 1914. Meli iliungwa upya Kigoma na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915, wakati Vita Kuu ya Kwanza imekwisha kuanza.

Waingereza nao walileta boti zao mbili kupigana ziwani. Ziliitwa Mimi na Toutou, maneno ambayo kwa Kifaransa cha watoto ni paka na mbwa, ingawa Mswahili akisikia jina la kwanza atacheka. Zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume huko Katanga, zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa nguvu za watu, kisha zikapita mto Lualaba na reli hadi Lukuga, karibu na Kalemie, mwezi Oktoba 1915. Picha za safari hiyo zipo. Zinaonyesha boti, zinaonyesha maofisa waliovaa kofia, na zinaonyesha watu weusi wengi wakifyeka njia na kuvuta kamba. Maofisa wanajulikana kwa majina na vyeo. Wavuta kamba wa Katanga, ambao huenda wajukuu wao wamo katika kambi hii, hawakuandikwa mahali popote pale pembeni mwa picha.

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani walipoona wanashindwa waliizamisha meli yao wenyewe, lakini kwanza waliipaka mashine grisi nzito ili isiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya la Liemba, ambalo ni jina la zamani la sehemu ya kusini ya ziwa hili. Tangu hapo ikawa meli ya watu wote, kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia. Katika vijiji vingi visivyo na gati ilisimama mbali na pwani, na abiria wakaifuata kwa mitumbwi, mama na kuku, mtoto na godoro, kelele juu ya kelele.

Mwaka 1997, baada ya vita ya kwanza ya Kongo, meli hiyo hiyo ilikodiwa na UNHCR kuwarejesha Wakongomani kwao. Katika muda wa miezi mitano ilibeba watu zaidi ya 75,000. Wengine wao walirudi tena Tanzania baada ya vita ya pili kuanza mwezi Agosti 1998. Na mwezi Mei 2015, makumi ya maelfu ya ndugu zetu wa Burundi walipokwama katika kijiji cha Kagunga, kipindupindu kikiwa kimeingia, ni Liemba iliyokwenda na kurudi kuwatoa hadi Kigoma, kabla hawajaletwa hapa Nyarugusu.

Basi mtu mmoja anaweza kuwa na picha mbili mbele ya meli moja. Katika ya kwanza ni kijana aliyevaa suruali pana, anakwenda kufanya biashara. Katika ya pili ni mkimbizi mwenye godoro kichwani. Atakayeziona bila maelezo hatajua ipi ni ipi, wala hatajua kwamba ni mtu mmoja.

WAGENI WA MWAKA 1965

Wazee wa Fizi wanakumbuka kipindi kingine. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 1965, Che Guevara na wenzake kutoka Kuba walivuka ziwa wakitokea Kigoma na kufika Kibamba, ili kuwasaidia wapiganaji wa maasi ya mashariki ya Kongo. Walipewa majina ya Kiswahili kwa hesabu: kiongozi wa kikosi, Víctor Dreke, aliitwa Moja, na Guevara mwenyewe akaitwa Tatu. Waliondoka kwa boti tarehe 21 Novemba mwaka huo huo baada ya mambo kwenda kombo.

Picha za miezi ile saba zilifichwa kwa miaka mingi, kisha zikatolewa na kuchapishwa. Guevara anaonekana kati ya wapiganaji na wanakijiji. Dunia nzima inamtambua yeye. Wale waliosimama kando yake, waliompikia, waliomwonyesha njia za mlimani na kumvusha ziwa, ni wachache mno waliotajwa. Hata hivyo, tofauti na wapagazi wa mwaka 1858, watu wa mwaka 1965 wana watoto walio hai. Kijana akimwonyesha babu yake picha hizo, huenda babu akasema: "Yule wa kushoto namfahamu." Maneno hayo yanapotamkwa lazima kalamu iwe karibu.

PICHA ZILIZOTAFUTA WATU

Tusidhani kwamba habari hii ni ya vitabuni tu. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, na baadaye katika vita ya Kongo, watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Wengine walikuwa wadogo mno hata hawakujua kutaja jina la baba wala la kijiji. UNICEF, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na mashirika mengine waliwapiga picha watoto hao, kila mmoja na namba yake. Picha zilibandikwa kwenye mbao na kutiwa katika albamu, zikatembezwa kambini na vijijini. Wazazi walipita kimya mbele ya sura nyingi, wakitafuta moja.

Ndiyo maana mtu aliyeishi miaka ile hawezi kusema kwamba picha ni mchezo. Sura ilirudisha mtoto kwa mama. Lakini tuangalie pia jinsi kazi ile ilivyofanyika: kila picha ilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na daftari, ambamo yaliandikwa mahali mtoto alipookotwa, tarehe, nguo alizovaa, na neno lolote alilolitamka. Bila daftari, mzazi angemtambua mwanawe ukutani asijue pa kumpata.

Wapo pia waliolazimika kuharibu picha. Njiani, mbele ya vizuizi vya askari, picha ya mjomba aliyevaa sare au ya jirani wa kabila jingine iliweza kumuua mtu. Watu walizichana, wakazitupa majini, au wakazizika. Hatuwalaumu. Wao wana kumbukumbu zisizo na karatasi, na kumbukumbu hizo nazo zinastahili kuandikwa: picha ilikuwaje, nani alikuwamo, ilipigwa wapi.

KUISOMA PICHA ISIYO NA MAELEZO

Je, picha ambayo aliyeijua amekwisha kufariki imepotea kabisa? La, si lazima. Picha ina alama zake, na mwenye kuzijua ataweza kukisia mwaka wake. Hizi ni baadhi.

Kwanza, majina ya miji. Kama muhuri wa studio nyuma ya picha, au kibao cha kituo, kimeandikwa Albertville, picha ni ya kabla ya mwaka 1966, mji huo ulipoitwa Kalemie. Mwaka huo huo Élisabethville ikawa Lubumbashi na Stanleyville ikawa Kisangani. Usumbura ilianza kuitwa Bujumbura mwaka 1962. Jina Zaire lilitumika kuanzia Oktoba 1971 hadi Mei 1997.

Pili, mavazi. Mwanamume wa Kongo aliyevaa abakosti, yaani koti lisilo na tai, anatuonyesha miaka ya 1970 au 1980, wakati suti na tai zilipokatazwa. Baada ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990 tai zilirudi shingoni. Kitenge chenye sura ya Mobutu au alama ya chama cha MPR hakiwezi kutangulia mwaka 1967, chama kilipoanzishwa.

Tatu, vyombo. Herufi EAR&H kwenye behewa, bandarini au kwenye meli ni za shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, na zinaashiria miaka ya kabla ya 1970. Herufi za TRC, Shirika la Reli Tanzania, zilikuja mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya zamani kuvunjika.

Nne, karatasi yenyewe. Picha ya rangi iliyogeuka kuwa nyekundu nyekundu kwa kawaida ni ya miaka ya 1970 au karibu na hapo, maana rangi za wakati ule zilipauka vibaya. Picha nyeusi na nyeupe hudumu zaidi.

Alama hizi huleta mwaka na mahali. Hazileti jina la mtu. Jina huletwa na wazee, na wazee hawatusubiri.

NAMNA YA KUZITUNZA

Kamati inashauri mambo yafuatayo, ambayo hayahitaji fedha nyingi:

1. Andika nyuma ya picha, pembeni, kwa penseli laini bila kukandamiza. Kalamu ya wino huvuja na kuonekana upande wa pili. Andika majina yote kuanzia kushoto kwenda kulia, mahali, mwaka au makisio ya mwaka, na jina la aliyekueleza.

2. Kama karatasi haikubali penseli, ipe picha namba kwenye bahasha yake na uandike maelezo katika daftari.

3. Usibandike picha kwa gundi wala ugali, na usiitie kwenye plastiki ya kuyeyushwa kwa moto. Haitatoka tena.

4. Ifunge katika karatasi safi, uweke ndani ya kopo au sanduku la bati lenye mfuniko, mbali na sakafu, jiko na paa linalovuja. Mchwa, moshi na unyevu ni maadui watatu wa picha kambini.

5. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu isivutwe. Iache na kioo chake, uipige picha nyingine juu yake.

6. Mwenye simu aipige picha ile ya zamani kivulini, bila mwanga wa simu, picha ikiwa imelala sawasawa. Upande wa nyuma wenye maandishi upigwe pia. Nakala itumwe kwa ndugu aliye mbali, ili isiwe katika simu moja tu.

7. Kaa na mzee, mwonyeshe picha moja moja, umwache azungumze. Usimharakishe. Mara nyingi jina la mtu huja baada ya habari ya mvua, ya bei ya samaki na ya mtumbwi uliozama.

MAMBO MAWILI YA KUANGALIA

La kwanza ni usalama. Kuandika jina si kulitangaza. Picha nyingine zina watu ambao wangali hatarini huko walikobaki, au hapa hapa. Daftari la familia likae na familia. Picha isibandikwe mahali pa wazi wala kupelekwa kwenye mtandao mpaka wenyewe, au jamaa zao wa karibu, wamekubali.

La pili linawahusu ndugu zetu wa mashirika. Tangu kambi hii ilipofunguliwa mwezi Novemba 1996 tumepigwa picha mara nyingi mno: kwenye foleni ya mgao, kwenye bomba la maji, kwenye mabasi ya kuondoka. Picha hizo zimekwenda katika ripoti na kalenda, na chini yake mara nyingi huandikwa "wakimbizi, Kigoma". Tunajua kwamba pengine jina linafichwa kwa ajili ya kutulinda, na hilo tunalishukuru. Lakini lipo jambo ambalo halimdhuru mtu yeyote: kumwuliza anayepigwa picha kama amekubali, kuandika jina lake katika kumbukumbu za ofisi hata kama halichapishwi, na kumletea nakala yake. Mama aliyepigwa picha akiwa na mwanawe mchanga mwaka 1997 angefurahi kuwa nayo, maana yeye mwenyewe hakuwa na kamera, na mtoto yule leo ni mtu mzima anayeuliza alikuwaje.

KWA WALIOBAKI NA WALIOONDOKA

Jamii yetu imetawanyika mara nyingi. Waliokuwa kambi ya Lugufu waliletwa hapa ilipofungwa mwaka 2009. Tangu mwaka 2015 maelfu ya Wakongomani wa Nyarugusu walihamishiwa Marekani. Wengine wamerudi Kongo na Burundi. Familia moja sasa ina mzee aliyebaki na kumbukumbu, binti aliye ng'ambo na albamu, na mjukuu mwenye simu ambaye hajui kisa hata kimoja. Kila mmoja ana kipande chake, na hakuna aliye na habari nzima.

Kazi ya kuviunganisha haitafanywa na serikali wala na shirika. Wapagazi wa Ujiji na wavuta kamba wa Mitumba hawakuwa na uwezo wa kuandika chini ya picha walizopigwa, kwa sababu picha hazikuwa zao na kalamu hazikuwa mikononi mwao. Sisi picha ni zetu, na penseli dukani ni ya bei ndogo. Mjukuu akija kuuliza "Huyu ni nani?" na asipate wa kumjibu, hatutakuwa na mkoloni wa kumlaumu.

Kamati itapokea picha na maelezo kutoka kwa kila mkazi atakayependa, bila kujali nchi, kabila wala dini. Picha zitapigwa nakala na kurudishwa kwa wenyewe siku hiyo hiyo, na daftari la majina litatunzwa kwa siri kwa wale watakaotaka hivyo. Tunawaomba vijana wanaojua kuandika vizuri wajitolee kuwasaidia wazee. Kila mwenye picha nyumbani aanze leo na moja tu: aitoe kwenye kopo, aigeuze, na aandike jina.